SOMO LA MWEZI: KUUNGANISHA MIKSA NA KOMPYUTA ILI KILA SAUTI IPATE MKONDO WAKE



Wakati fulani kwaya yetu ilirekodi nyimbo sita sebuleni kwa mwanakwaya mmoja. Maikrofoni nne na kinanda viliingizwa kwenye miksa, na kutoka kwenye miksa waya mmoja ukaenda kwenye kompyuta. Tuliposikiliza baadaye, kinanda kilikuwa juu mno, na besi ya mzee wetu mmoja, ambayo parishi nzima iliifahamu, ilikuwa imezama. Tukasema, "Si neno, tutarekebisha." Tulipofungua kompyuta tukakuta mkondo mmoja tu, na sauti zote zimo ndani yake pamoja. Mwaka haukwisha, mzee yule akalala katika Bwana. Mjane wake alipotuomba wimbo mmoja ambamo sauti ya mumewe inasikika wazi, hatukuwa nao.

Miksa ilikuwa nzima na kompyuta ilikuwa nzima. Tulikosea jambo moja tu: mahali pa kuchomeka waya. Basi somo letu la mwezi huu ni hilo, ili vijana wetu wanaorekodi majumbani wasirudie kosa letu.

1. Miksa hufanya kazi gani?

Miksa huingiza sauti nyingi na kutoa sauti moja, au mbili, yaani kushoto na kulia. Kila maikrofoni ina chaneli yake. Juu ya chaneli pana kitufe cha kuzungusha cha kuongeza nguvu, ambacho kwa kawaida kimeandikwa GAIN. Chini pana kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Mwishoni chaneli zote hukutana katika tundu kuu la kutolea sauti.

Kwa ibada hilo latosha, kwa maana spika hutaka mchanganyiko uliokwisha kuwa tayari. Kwa kurekodi halitoshi. Maziwa yakishamiminwa katika chai hayatolewi tena. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazojaribu kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo, na mara nyingine hufaulu vizuri. Lakini kumtoa mwimbaji mmoja kati ya wenzake ishirini ni kazi ngumu sana, na mara nyingi hubaki makovu. Afadhali kutochanganya kabla ya wakati.

Jambo hili si geni. Mwaka 1957 mpiga gitaa Les Paul wa Marekani alipata mashine ya Ampex yenye mikondo 8 katika utepe mmoja. Mwaka 1979 kampuni ya Teac ikatoa Portastudio 144, iliyorekodi mikondo 4 katika kaseti ya kawaida, na watu wakaweza kufanya kazi hiyo nyumbani. Leo kompyuta ndogo hubeba mikondo mingi kuliko mashine hizo zote. Ila kanuni ni ile ile: kila sauti ipewe njia yake tangu mwanzo.

2. Tuchukue sauti wapi?

Angalieni nyuma ya miksa yenu, au juu yake, mtafute matundu haya:

(a) Tundu la moja kwa moja la kila chaneli, lililoandikwa DIRECT OUT. Likiwapo, tumieni hilo. Waya mmoja kwa kila chaneli.

(b) Tundu lililoandikwa INSERT. Hili hutoa sauti na kuirudisha kwa plagi moja yenye sehemu tatu: ncha, pete na shina. Kwa kawaida ncha hutoa na pete hurudisha, lakini hakikisheni katika kitabu cha miksa. Mwombeni fundi awatengenezee waya ambao ncha na pete zimeunganishwa upande wa miksa. Hapo sauti huenda kwenye kompyuta na pia huendelea na safari yake ndani ya miksa. Jueni kwamba sauti ya hapa huchukuliwa kabla ya kitelezi. Kukishusha kitelezi hakutapunguza kinachorekodiwa. Kinachotawala ni GAIN.

(c) Matundu ya makundi, kwa miksa zenye makundi 4 au zaidi. Soprano hupelekwa kundi la kwanza, alto la pili, tena la tatu, besi la nne.

(d) Tundu kuu, ikiwa hakuna jingine. Hata hapo tunaweza kupata mikondo miwili. Zungusheni kitufe cha PAN cha waimbaji mpaka mwisho wa kushoto, na cha kinanda mpaka mwisho wa kulia. Kushoto kutakuwa na waimbaji, kulia kinanda. Kama tungalijua hili siku ile, angalau kinanda kingalishuka.

3. Tuingize wapi?

Tundu dogo la maikrofoni la kompyuta halifai. Limetengenezwa kwa sauti dhaifu ya maikrofoni, nalo miksa hutoa sauti yenye nguvu zaidi. Matokeo yake ni kukwaruza. Tena mara nyingi hupokea mkondo mmoja tu.

Kinachohitajika ni kisanduku cha sauti cha nje kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Kabla ya kununua, hesabuni matundu ya kuingizia. Chenye matundu 2 hupokea mikondo 2 kwa wakati mmoja. Chenye 8 hupokea 8. Waya za kutoka kwenye miksa ziingie katika matundu yaliyoandikwa LINE, si yale ya maikrofoni.

Tahadhari kwa wanunuzi: miksa kuandikwa USB si hoja. Miksa nyingi za namna hiyo hupeleka kwenye kompyuta mchanganyiko wa kushoto na kulia tu. Mwulizeni muuzaji swali hili: "Hupeleka chaneli ngapi, kila moja peke yake?" Asipojibu, msitoe fedha.

4. Kurekodi mmoja baada ya mwingine

Mwenye matundu 2 asikate tamaa. Arekodi kinanda leo, soprano kesho, besi wiki ijayo. Mwimbaji huvaa hedifoni, husikia yaliyokwisha rekodiwa, naye huimba juu yake. Hapa kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza: sauti inayorudi kutoka kwenye kompyuta isiingizwe tena katika njia inayorekodiwa. Ikiingia, kinanda cha jana kitarekodiwa pamoja na besi ya leo, nasi tutakuwa tumerudi kwenye chai na maziwa. Njia rahisi ni kuchomeka hedifoni kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Wala spika zisiwashwe chumbani wakati wa kuimba.

Mtego wa pili ni kuchelewa. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, fungu la vipimo 1,024 huchukua karibu sehemu 23 za elfu za sekunde, na safari ya kwenda na kurudi huzidi hapo. Mwimbaji akijisikia kwa kupitia kompyuta atayumba. Punguzeni fungu hadi 256 au 128, au bora zaidi, mwimbaji ajisikie moja kwa moja kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Visanduku vingi vina kitufe cha kazi hiyo.

5. Mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa

Kiwango. Katika kompyuta, sifuri ndiyo dari. Sauti ikiigonga hukatwa, na iliyokatwa haiponi. Mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote wakati wa kupima, na kilele kikae karibu na desibeli -12.

Mvumo. Mkisikia mvumo mzito usiokoma, chomekeni miksa na kompyuta katika soketi moja, na mtumie waya zenye nyuzi mbili ndani ya kinga ikiwa matundu yanazikubali. Kama kompyuta ni ya kupakata, jaribuni kuitumia kwa betri. Msikate kamwe waya wa ardhi katika plagi ya umeme. Waya huo hulinda uhai wa watu.

Kuwasha na kuzima. Spika huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza.

Kuhifadhi. Wekeni nakala mbili mahali pawili, pamoja na mikondo yote. Wimbo uliokamilika peke yake hautoshi.

6. Mwisho wa somo

Katika Nehemia sura ya 3 tunasoma majina mengi ya wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na sehemu ya kila mmoja imeandikwa. Ukuta ulikuwa mmoja, lakini hakuna aliyesahauliwa. Kwaya nayo ni hivyo hivyo.

Tunao wazee ambao hawawezi tena kupanda ngazi za kanisa, nao bado wanaimba. Kompyuta ya kupakata, kisanduku kidogo, maikrofoni moja na hedifoni vinaingia katika mfuko mmoja. Twendeni nyumbani kwao, tuwarekodi kila mmoja katika mkondo wake, kisha tuwaunganishe na wenzao. Tusingoje tena.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini tundu kuu la miksa halitoshi kwa kurekodi kila sauti peke yake?
2. Ukichukua sauti kwenye INSERT, utaongeza nguvu yake kwa kutumia nini?
3. Miksa ya parishi yenu ina matundu gani kati ya yale manne? Nendeni mkaitazame kabla ya mazoezi yajayo.
4. Ni mzee gani katika mtaa wenu ambaye sauti yake haijahifadhiwa?