Dondoo muhimu: Faili la mstari mmoja likigandisha kihariri

Ukubwa wa faili si tatizo kila mara. Faili la JSON la megabaiti 5 lililobanwa kwenye mstari mmoja laweza kugandisha kihariri ambacho hufungua faili kubwa zaidi, la mistari mifupi, bila taabu. Vihariri vingi hupaka rangi na kukunja maandishi mstari kwa mstari. Mstari usipokwisha, hesabu nazo haziishi.

Kabla ya kufungua, chungulia: `head -c 500 data.json` huonyesha baiti 500 za mwanzo tu. Ikiwa kweli ni JSON, dawa hasa ni kuipanga upya:

`jq . data.json > mpya.json`

Jina la pili liwe tofauti, tafadhali. Ukirudia lilelile, utabaki na faili tupu.

Kwenye Vim, anza kwa `vim -u NONE`, ambayo huacha mipangilio na nyongeza zako zote kando. Emacs toleo la 29, la mwaka 2023, limepunguza sana kero hii. Wenye la 27 au 28 wawashe `global-so-long-mode`. VS Code yenyewe, kwa mpangilio wa kawaida, haipaki rangi mstari unaozidi herufi 20,000.

Unataka kusoma tu? `less -S` yatosha.