SOMO: KUCHAGUA GARI LA KUVUTA BOTI
Tazama mteremko kabla ya mlima



Katika vikundi vyetu vya akiba huzuka mara kwa mara wazo la kununua chombo cha pamoja. Kwa wenzetu wa chai ya Shagasha na Gisakura, au wa saruji kule Bugarama, wazo hilo mara nyingi huwa ni boti yenye injini ya kufanyia kazi katika Ziwa Kivu: kubeba samaki, mizigo na abiria. Boti ikishapatikana, swali la pili hufuata: itavutwa na gari gani?

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafanyakazi wanaokaa Bweyeye, wilaya ya Rusizi, kusini mwa msitu wa Nyungwe, karibu na mpaka wa Burundi. Bweyeye haiko ziwani. Anayetoka huko kwenda Kamembe hupanda msituni hadi Pindura, huingia barabara kuu, kisha huteremka kuelekea Kivu. Boti ikitakiwa kuletwa nyumbani kwa matengenezo au kwa ulinzi, itapita njia hiyo hiyo juu ya trela. Hatuzungumzii hapa ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ivuayo sambaza usiku kwa taa. Hiyo hubaki majini. Tunazungumzia boti moja ya fibaglasi au ya mbao, ya urefu wa mita 5 au 6.

Watu wengi huuliza, "Gari hili lina nguvu ya kuvuta?" Swali hilo ni zuri, lakini si la kwanza. Gari dhaifu likishindwa mlima, husimama, na hasara ni ya muda. Gari lisiloweza kuzuia mzigo kwenye mteremko huua. Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja: gari la kuvuta huchaguliwa kwa mzigo linaoweza kuuzuia, ndipo tutazame mzigo linaoweza kuuvuta.

1. PIMA MZIGO KWANZA

Msinunue gari kabla ya kujua uzito wa mzigo. Uzito wa boti iliyoandikwa katika karatasi ya muuzaji ni boti tupu. Barabarani mtavuta vingi zaidi. Tazameni hesabu hii ya mfano:

Boti tupu: kilo 600
Injini ya nguvu za farasi 40: kilo 90
Petroli lita 60: kilo 45
Nyavu, kamba, nanga na maboya ya kujiokoa: kilo 115
Trela yenyewe: kilo 400
Jumla: kilo 1,250

Aliyesikia "boti ya kilo 600" amekuta mzigo uliozidi mara mbili. Nyavu zilizolowa na maji yaliyobaki ndani ya boti huongeza tena. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo ndoo tano za lita 20 ni kilo 100. Fungueni tundu la kutolea maji kabla ya kuondoka mwaloni. Njia ya hakika ni kupitisha trela na vyote vilivyomo juu ya mizani. Viwanda vingi vinayo mizani ya magari. Kamati iombe ruhusa kwa mwajiri.

2. SOMA NAMBA NNE ZA GARI

Kila gari lina kitabu chake na kibati cha chuma kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti. Maneno ya dalali si kitabu. Tafuteni namba nne:

(a) Uzito wa juu wa gari lenyewe pamoja na watu na mizigo iliyomo.
(b) Uzito wa juu wa trela inayoruhusiwa kuvutwa. Hapa huwa kuna namba mbili: trela yenye breki zake, na trela isiyo na breki. Ya pili huwa ndogo sana, na kwa magari mengi haizidi kilo 750.
(c) Uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Namba hii husahauliwa mno. Gari linaweza kuruhusiwa kuvuta kilo 2,000, lakini likiwa limejaa watu na mizigo, jumla ikavuka mpaka.
(d) Uzito unaoruhusiwa kukandamiza chuma cha kuvutia, pale trela inapoungwa na gari.

Namba ya mwisho inahitaji maelezo. Trela iliyopakiwa vizuri hukandamiza nyuma ya gari kwa karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Kwa mfano wetu wa kilo 1,250 ni kilo 125. Ikipungua mno, mkia wa trela huanza kuyumba huku na huku na unaweza kulipindua gari. Ikizidi mno, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi na usukani hautii. Hurekebishwa kwa kusogeza boti mbele au nyuma juu ya trela.

Kilo hizo 125 ni mzigo wa gari, si wa trela peke yake. Kama pikapu inaruhusiwa kubeba kilo 850, na ndani wamo watu watano wa kilo 70 kila mmoja, yaani kilo 350, nafasi iliyobaki ni kilo 375 tu. Mkipakia mifuko minane ya saruji ya kilo 50 nyuma, mmevuka mpaka hata kabla ya kuwasha gari.

3. BREKI NA MTEREMKO

Trela ya kilo 1,250 lazima iwe na breki zake. Aina ya kawaida hufanya kazi yenyewe: dereva akipunguza mwendo, trela husukuma gari, na msukumo huo hubana breki za trela. Trela isiyo na breki huliachia gari kazi yote.

Mteremko mrefu wa Nyungwe una kona nyingi na mvua nyingi. Dereva akikanyaga breki mfululizo, zinashika moto, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na mwisho kanyagio huenda chini bila kushika kitu. Kwa hiyo mzigo uzuiwe na injini. Gia ipunguzwe kabla ya kuanza kuteremka, si katikati, na breki ikanyagwe kwa vipindi. Kumbukeni pia kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, kazi ya breki huongezeka mara nne.

Hii ndiyo sababu ya kupenda gari zito kuliko mzigo wake, lenye gia za mkono au lenye gia inayoweza kushikiliwa chini. Gari jepesi lenye injini kali linaweza kuipandisha boti mlimani, kisha boti ikalisukuma bondeni.

4. NGUVU NA MWINUKO

Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu ya Nyungwe hufika zaidi ya mita 2,400. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kule juu msituni imekwisha kupoteza karibu robo. Turbo husukuma hewa ndani ya injini na kurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo.

Dizeli hufaa kwa sababu huvuta kwa nguvu injini ikizunguka polepole. Lakini injini ya dizeli isiyo na turbo, kama ile ya lita 4.2 iliyofungwa katika Land Cruiser nyingi za kazi, nayo ina sifa yake: ni rahisi kutengenezwa, na mafundi wengi wanaijua. Anayekubali kwenda polepole hatajuta. La muhimu ni rejeta safi na feni nzima, kwa maana kupanda na mzigo huchemsha injini.

5. PIKAPU AU JIPU?

Pikapu kama Hilux ina fremu imara ya chuma chini yake, springi za bapa nyuma, na sanduku la kubebea nyavu zenye maji na harufu. Siku isiyo ya boti hubeba mbolea na viazi vya wanachama. Kasoro yake ni wepesi wa nyuma inapokuwa tupu: juu ya matope ya mwaloni magurudumu huzunguka bure.

Jipu lililofungwa hadi nyuma ni zito na limetulia, na watu hukaa ndani bila kunyeshewa. Lakini angalieni kilicho chini. Jipu kama Land Cruiser lina fremu. Jipu dogo la mjini kama RAV4 halina fremu ya peke yake, na mzigo wake wa kuvuta ni mdogo. Umbo la nje lisiwadanganye.

Kwa vyovyote, kazi ya kutoa boti majini hutaka gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne na lenye gia nzito za chini. Kutoa boti kwenye utelezi ni kazi ngumu kuliko safari yenyewe. Kabla ya kuiingiza trela majini, subirini beringi zake zipoe, maana beringi ya moto ikitumbukizwa hufyonza maji na grisi huharibika.

Tazameni pia upande wa usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda kushoto. Dereva aliyekaa upande usiofaa haoni mbele anapotaka kulipita lori, na mwenye trela anahitaji nafasi ndefu zaidi ya kupita.

6. KUNUNUA AU KUKODI?

Hesabuni safari. Ikiwa boti itavutwa mara mbili au tatu kwa mwaka, pengine kukodi gari linalofaa pamoja na dereva wake ni nafuu kuliko kufunga akiba ya watu arobaini katika bati linalolala. Nunueni ikiwa gari litakuwa na kazi nyingine kila juma. Na mkinunua, tengeni fedha za matairi, breki na bima tangu mwanzo. Bima isiyotaja trela huenda isilipe siku ya ajali.

7. HAKI YA DEREVA

Mara nyingi dereva ni mfanyakazi mwenzetu. Akiambiwa, "Vuta tu, ni karibu," na ajali ikatokea, anayeshikwa kwanza ni yeye. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za haki za kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asiadhibiwe. Chama kinapaswa kusimama na dereva anayekataa trela isiyo na breki. Na sisi wenyewe, tunapokuwa wenye gari, tusimfanyie dereva wetu lile tunalolikataa kwa mwajiri.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Orodhesheni kila kitu kitakachokuwa juu ya trela yenu, mjumlishe uzito. Nani atasimamia upimaji kwenye mizani?
2. Gari linaruhusiwa kuvuta kilo 2,000, na jumla ya gari na trela ni kilo 4,500. Gari likiwa limejaa lina kilo 2,900. Je, trela ya kilo 1,800 inaruhusiwa? Kwa nini?
3. Taja mteremko mkali kuliko yote katika njia yenu. Gia gani itumike, na ipunguzwe wapi?
4. Andikeni kanuni tatu za kikundi zinazompa dereva uwezo wa kusema, "Leo hatuondoki."

Jibu la swali la pili: Hairuhusiwi. Trela peke yake iko ndani ya mpaka, lakini jumla ni kilo 4,700, imezidi kwa kilo 200. Ama mizigo ya gari ipunguzwe, ama abiria wapande basi.