Gari la Spoti Limefika Nyumbani: Fundi Anajibu Maswali Yenu

Kila meli ya magari inaposhusha mzigo Mombasa au Dar es Salaam, maswali huongezeka. Safari hii mengi yanahusu magari ya spoti: Subaru WRX STI, Toyota GR86, Mazda MX-5. Subaru ndiyo inayoongoza, na si ajabu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na tangu hapo nembo ile ya nyota sita imekuwa na wapenzi wake Afrika Mashariki.

Nimechagua maswali ya siku za mwanzo kwa makusudi. Huo ndio wakati ambao mwenye gari ana furaha nyingi kuliko ujuzi wa gari lenyewe. Ndio pia wakati ambao injini huumizwa, matairi hupasuka na watu hupoteza maisha. Ninachosema katika majibu yote ni kimoja: wiki za kwanza si za kulijaribu gari, ni za kulizoea.

Swali: Nimenunua gari jipya kabisa, halina hata kilomita 50. Muuzaji anasema injini za siku hizi hazihitaji kuzoeshwa. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Si kweli, na huna haja ya kuniamini mimi. Fungua kitabu cha gari. Subaru wanasema kwa kilomita 1,600 za mwanzo usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika. Porsche wanataka uvumilie hadi kilomita 3,000, na kikomo chao ni hichohicho cha 4,000. BMW kwa magari yao ya M wanalitaka gari lirudi gereji likifikisha kilomita 2,000, oili ya injini na ya difu zimwagwe, zitiwe mpya. Kampuni zinazojua injini zao kuliko mtu yeyote zisingesumbuka kuandika hayo bure.

Sababu ni hii. Ringi za pistoni na kuta za silinda zimechongwa kwa ustadi mkubwa, lakini bado hazijasuguana zikashikana sawasawa. Meno ya gia nayo yako hivyohivyo. Katika kilomita za mwanzo vyuma hivi hulainishana, na chembe ndogondogo za chuma huingia kwenye oili. Ukikanyaga mafuta hadi chini wakati huo, joto na shinikizo huja kabla vyuma havijawa tayari, na injini inaweza kuanza kula oili mapema.

Kosa la pili ni kuendesha kwa mwendo mmoja tu. Ukitoka Nairobi hadi Mombasa kwa kasi ileile, gia ileile, injini haizoei chochote zaidi ya hapo. Panda na kushuka, badilisha gia, pita mjini kidogo, barabara kuu kidogo. Usiikokoteshe kwenye gia kubwa ikiwa mizunguko iko chini. Hilo nalo ni mzigo.

Swali: Langu ni STI iliyotumika Japani. Injini imeshazoea zamani. Basi niendeshe tu? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, kaka. Injini imezoea, lakini wewe huijui historia yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo unaweza kupata lenye miaka 7 ambalo kwa macho linang'aa kama la juzi. Mng'ao wa rangi hausemi lini oili ilibadilishwa.

Kabla ya kufurahia, lipeleke kwa fundi anayezijua Subaru. Badilisha oili ya injini na chujio lake, mafuta ya breki, na oili ya giaboksi na difu. Angalia maji ya rejeta. Halafu uliza kuhusu taimingi belti. Injini ya EJ20 iliyo kwenye STI za Japani hutumia mkanda, si cheni, na wakati wake wa kubadilishwa ni kilomita 100,000. Mkanda huo ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na hapo unazungumzia injini nyingine. Kama hakuna kibandiko wala karatasi inayothibitisha kuwa umebadilishwa, badilisha.

Kisha piga magoti, usome matairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 2317, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na bado raba yake imekuwa ngumu kwa uzee, isishike lami inavyopasa. Novemba 30, 2013, mwigizaji Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas walifariki huko Santa Clarita, California, wakiwa ndani ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walieleza kuwa chanzo kilikuwa mwendo: gari lilikuwa kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa, mahali pa kikomo cha 72. Lakini walitaja pia kuwa matairi yake yalikuwa na umri wa miaka 9. Soma tarakimu hizo kabla hujawasha injini.

Swali: Kitabu cha gari langu ni cha Kijapani. Nimepata cha Kiingereza kwenye intaneti. Kinatosha? (Msomaji, Arusha)

Kinatosha ikiwa ni cha gari lilelile. Hapa ndipo wengi wanapopotea. STI ya Japani ina injini ya lita 2.0; STI iliyouzwa Marekani ina ya lita 2.5. Jina ni moja, bodi ni moja, injini ni mbili. Kiasi cha oili na mengine mengi yanaweza kutofautiana. Chukua namba ya chesisi na msimbo wa injini, utafute kitabu cha toleo hilo, au mwombe anayesoma Kijapani akusomee kurasa za matengenezo. Wenye magari ya aina yako kwa kawaida huwa na nakala, nao hawana uchoyo.

Swali: Niweke petroli gani? Bei zimetofautiana na mfuko unalia. (Msomaji, Kisumu)

Fungua kifuniko cha tangi, usome. Kama kimeandikwa litumie petroli ya oktani ya juu, hilo ni sharti. Injini yenye turbo hushindilia hewa nyingi kwenye silinda, na petroli ya oktani ya chini huweza kulipuka kabla ya wakati wake. Fundi huisikia kama kokoto zinazogonga ndani ya injini. Gari lina kihisi cha kusikia mgongano huo, na kompyuta yake hupunguza nguvu ili kujilinda, lakini ulinzi huo una kikomo. STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya huko ambayo oktani yake ni ya juu sana, kwa hiyo hapa kwetu jaza ile ya juu kabisa unayoipata, kwenye kituo chenye wateja wengi. Ukiona bei yake inakuuma, tafadhali usikanyage sana. Usishuke daraja la petroli.

Swali: Nasikia turbo inataka injini iachwe ingurume kwanza kabla ya kuondoka, na tena kabla ya kuzimwa. Ni lazima? (Msomaji, Dodoma)

Asubuhi, washa, funga mkanda, rekebisha vioo, ondoka taratibu. Kuliacha lingurume robo saa hakusaidii; injini hupata joto vizuri zaidi ikitembea. Jambo la kushika ni kwamba mshale wa joto unaouona ni wa maji. Oili huchelewa zaidi. Mshale ukifika katikati, subiri dakika nyingine kadhaa za mwendo wa upole ndipo uiombe injini nguvu.

Kuhusu kuzima: mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukitoka kwenye mwendo mkali ukazima papo hapo, oili inaacha kuzunguka, inabaki kwenye chuma kilichochemka, inaungua na kuacha masizi. Turbo za sasa hupozwa pia kwa maji, na hilo limepunguza tatizo. Dawa rahisi ni kuendesha kwa upole kilomita mbili tatu za mwisho. Ukifika getini, zima bila wasiwasi.

Swali: Mtaani kwetu ni matuta na mashimo. Gari liko chini. Nifanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jua vipimo vyako. Tairi la 195/65 R15, la saluni ya kawaida, lina ubavu wa milimita 127 kati ya rimu na lami. Tairi la 245/35 R19, ambalo baadhi ya STI huja nalo, lina takribani milimita 86. Sentimita nne hizo zilizopungua ndizo zingeumeza ukingo wa shimo. Zisipokuwepo, rimu inapigwa moja kwa moja, hupinda au hupasuka.

Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usifuate kadirio la kijana wa kituo cha mafuta. Upepo ukipungua, ubavu huo mfupi hulalia rimu. Kwenye tuta, punguza mwendo kabla hujalifikia, kisha achia breki kabla ya kupanda, kwa sababu ukiwa umekanyaga breki pua ya gari inainama na bampa linakwaruza. Na kama njia ya nyumbani kwako ni mbovu mwaka mzima, shuka hadi rimu ya inchi 17 au 18 yenye tairi nene zaidi, baada ya kuhakikisha inapita kwenye breki.

Swali: Shikamoo fundi. Nina GR86, nina miaka 24. Marafiki wananiambia nizime kile kitufe cha kuzuia kuteleza ndipo nilione gari halisi. (Msomaji, Mwanza)

Marahaba, mwanangu. Usikizime. GR86 husukumwa na matairi ya nyuma. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, hasa kwenye mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na mafuta ya barabarani vinakuwa utelezi, nyuma inatoka, na gari linageuka upande kabla hujafikiri. Mfumo ule unagundua kuteleza na kushika breki ya gurudumu moja moja kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi.

Tena matairi mapya yana utelezi wake kwa kilomita mia mbili tatu za mwanzo, mpaka ngozi ya juu ilike. Pedi mpya za breki nazo hazijakaa kwenye diski. Katika kipindi hicho weka nafasi kubwa mbele yako na ufunge breki mapema. Wenye Subaru msijione mmepona: magurudumu manne yanayovuta husaidia kuondoka na kupanda, hayasaidii kusimama.

Na hesabu hii iandike moyoni. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka inakupeleka karibu mita 28 kabla mguu haujagusa breki. Na nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza ni mara nne ya ile ya kilomita 50. Marafiki waliojaa kwenye viti hawaibebi hesabu hiyo, unaibeba wewe. Ukitaka kulijua gari lako mpaka mwisho, jiunge na klabu ya mbio, uende kwenye otokrosi ambako hakuna mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni.

Swali: Nibadilishe egzosi na programu ya injini sasa hivi au nisubiri? Na bima je? (Msomaji, Nakuru)

Subiri. Endesha gari lilivyo kwa miezi michache, ulijue lilivyo likiwa zima, ili siku likiugua usikie. Ukiligeuza wiki ya kwanza, hutajua kama mlio mpya ni wa egzosi au wa beringi inayokufa. Kama bado lina dhamana ya kiwanda, mabadiliko hayo yanaweza kuipoteza.

Bima ya mtu wa tatu ndiyo ya lazima kisheria, lakini hiyo hulipa hasara uliyomsababishia mwingine. Gari lako halimo. Chukua bima kubwa kabla gari halijatoka yadi, si Jumatatu ijayo. Waeleze ukweli kuhusu thamani, mahali linapolala na kila ulichobadilisha. Ukificha, siku ya madai ndiyo siku watakayogundua, na watakuwa na haki ya kukunyima.

Swali: Ungenipa agizo moja tu, lingekuwa lipi? (Msomaji, Kampala)

Pima oili kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Gari liwe limesimama mahali tambarare, injini imepoa. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena, uandike kipimo kwenye daftari pamoja na kilomita. Injini nyingi za turbo hunywa oili kidogo, na nyingi zinazokufa hufa kwa sababu hakuna aliyefungua boneti. Daftari hilo litakuonyesha mapema kama kuna tatizo, na siku ya kuuza litakuongezea bei.

Ndugu wasomaji, furahieni magari yenu. Mmeyafanyia kazi na mnastahili raha yake. Lakini wapeni injini, matairi, breki na nyinyi wenyewe zile kilomita za mwanzo bila haraka. Kati ya vyote hivyo, dereva ndiye anayechelewa zaidi kuzoea, na ndiye pekee asiyekuwa na spea.