Albumini Iko Sawa, Mbona Ini Lina Mafuta?

Majibu ya vipimo vya ini yanayotoka maabara za Upper Hill, kuanzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hadi kliniki za ghorofani, huwa na mstari wa albumini. Wengi wakiuona uko sawa hushusha pumzi. Wasiharakishe.

Albumini ni nini?
Ni protini inayotengenezwa na ini, gramu 10 hadi 15 hivi kwa siku. Ndiyo hamali wa damu: hubeba bilirubini, kalsiamu, dawa kadhaa na asidi za mafuta, ambazo haziyeyuki vizuri majini. Mafuta ya kitambi yakivunjwavunjwa, albumini huyafikisha kwenye ini.

Basi ndiyo iletayo ugonjwa?
Hamali hapangi mzigo. Ini hujaa mafuta linapopokea na kuunda mengi kuliko linavyoweza kuyachoma au kuyatoa. Hapo kitambi, kisukari, soda na pombe vina makosa zaidi.

Mbona kipimo changu ni cha kawaida?
Kwa sababu ini lina akiba kubwa. Kiwango cha gramu 35 hadi 50 kwa lita huweza kudumu miaka mingi huku mafuta yakizidi, hata makovu yakianza. Hushuka baadaye, ini likiwa limejaa makovu, ndipo miguu huvimba na tumbo hujaa maji. Kwa hiyo daktari hupiga hesabu ya FIB-4: umri, vimeng'enya vya AST na ALT, na chembe sahani. Albumini haimo. Ipo hesabu nyingine inayoihusisha, lakini kama kigezo kimoja kati ya sita.

Ikishuka, kosa ni la ini?
Si lazima. Mwenye kisukari huweza kuipoteza kupitia figo, kwa hiyo apimwe mkojo pia. Maambukizi na utapiamlo huishusha vilevile. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Mulago, Kampala, aliandika na wenzake kitabu kuhusu kwashiakoo mwaka 1954. Watoto wenye ugonjwa huo huwa na albumini kidogo na ini lililojaa mafuta, wala hawana kitambi: ini lao hukosa protini za kuyasafirisha mafuta nje.

Nile mayai zaidi?
Mayai hayayeyushi mafuta ya ini. Kwa mwenye uzito uliozidi, kuupunguza kwa asilimia 5 hupunguza mafuta hayo. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza na uvimbe wake. Macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.