Siku ya Kwanza Mjini Moshi

SWALI: Tunatoka Tanga na watoto watatu, na basi litatufikisha Moshi adhuhuri. Je, tupande Marangu siku hiyo hiyo?

JIBU: La, ndugu yangu, msipande. Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake cha Kibo kina mita 5,895, aghalabu hujifunika mawingu tangu kabla ya adhuhuri, na kufunuka jua linapokaribia kuchwa au alfajiri, hata mwenye kuukimbilia mchana, na watoto wamechoka kwa safari, huambulia ukungu na vilio. Tueni mizigo, muwape watoto mtori wa moto, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wapikao Wachaga, kisha walale hadi alasiri.

Baada ya hapo watembezeni taratibu hadi stesheni ya kale, iliyokuwa mwisho wa reli iliyoanzia kwenu Tanga na kufika hapa kabla ya Vita Kuu ya 1914. Kisha mpite kwenye jengo la KNCU, chama cha ushirika kilichoasisiwa mwaka 1933, ambacho kwacho wakulima wa kahawa waliuza mavuno yao kwa kauli moja, habari ambayo kwa rai yangu yafaa kusimuliwa watoto kuliko kununuliwa vinyago.

Magharibi ikifika, elekezeni macho kaskazini uliko mlima, mkae kwa subira.

Kesho yake nendeni Marangu mapema, mkaone vihamba vya migomba na kahawa na mifereji ya maji ya asili; na masweta msiyasahau, kwani baridi ya huko haijulikani Tanga.