Masomo Ujerumani: Karo Hakuna, Lakini Pesa Zahitajika

Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi karo, hata kwa mwanafunzi anayetoka Kenya. Habari hiyo ni ya kweli. Shida ni kwamba familia nyingine huitisha harambee au kuuza kipande cha shamba kabla ya kuuliza: mtoto atakula nini na atalala wapi?

Serikali ya Ujerumani huuliza mapema. Anayeomba viza ya masomo hutakiwa kuonyesha kwamba ana pesa za kujikimu, na njia ya kawaida ni akaunti maalum iitwayo Sperrkonto. Tangu Septemba 2024, kiwango cha mwaka mmoja ni yuro 11,904. Akaunti hufunguliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, naye akishafika huko huruhusiwa kutoa yuro 992 kila mwezi. Viza ikikataliwa, pesa hurejeshwa kwake. Si ada ya chuo, wala si mali ya wakala. Wakala anayetaka ziingie katika akaunti yake asipewe hata shilingi.

Wazazi wakumbuke pia kwamba jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wa kigeni yuro 1,500 kwa muhula. Tena, mwenye cheti cha KCSE pekee kwa kawaida hupitia kwanza Studienkolleg, masomo ya matayarisho ya mwaka mmoja. Mwaka huo nao unahitaji chakula na kodi ya nyumba.