Mtegemezi au Mtegemewa? Somo Kutoka Mashamba ya Mpunga ya Wang'uru

Kabla ya kufunga shule mwezi wa Agosti, mwalimu mlezi wa chama chetu alitupa zoezi. Kila mwanachama aende kwao, achague kazi moja inayofanywa na watu wake, akusanye msamiati wake kisha aandike makala. Mimi nyumbani ni Wang'uru, mji ambao wengine huuita Ngurubani, kwa hivyo nilidhani zoezi hilo lingekuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Ningemwuliza Cucu tu. Cucu ni nyanya mzaa baba, na mimi ndimi niliyepewa jina lake.

Ndugu msomaji, Kiswahili kina utajiri wa ajabu juu ya zao hili. Likiwa shambani ni mpunga, likikobolewa ni mchele, likipikwa ni wali. Punje zilizovunjika ni chenga, zilizobaki na maganda yake ndani ya mchele ni chuya, na ule wali ulioshika sufuria ni ukoko. Kulinda shamba lisiliwe na ndege ni kuamia. Sisi tunaoishi katikati ya mpunga tunasema "mchele" kuanzia shambani hadi sahanini! Nilipomsomea Cucu orodha yangu alicheka sana, akaniambia, "Maneno umeyapata. Sasa kesho twende ukayafanye."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Udongo wa Mwea ni mweusi, na ukishalowa hushika mguu kama mtu anayekudai pesa. Tuling'oa miche kitaluni, tukaifunga mafungu mafungu, tukaingia kwenye maji ya baridi kupandikiza. Unainama, unachomeka, unarudi nyuma hatua moja, unainama tena. Baada ya saa moja mimi nilikuwa nimesimama nikijishika kiuno. Cucu, ambaye amepita miaka sabini, alikuwa amefika mbali bila kuinua kichwa. Wanawake waliokuwa naye walipiga soga na kucheka muda wote, mikono ikienda.

Na kupandikiza ni mwanzo tu. Kuna kupalilia, kutia mbolea na kuzibua mfereji ili maji yafike. Kuanzia mwaka wa 2020 kumeingia konokono wa kigeni wanaokula miche michanga, na Cucu huokota mayai yao ya rangi ya waridi kwenye mabua na kuyaponda. Suke zikitoka, kwelea hao! Ni kuamia tangu kukipambazuka hadi jua litue, kwa kelele na kombeo. Siku hizi kuna mashine za kuvuna, lakini zamani walikata kwa mundu na kupura kwa kupiga mafungu. Jioni anarudi nyumbani na hapo maji, kuni na githeri vinamngoja. Kichocho na malaria ni magonjwa ya maji hayo hayo; Cucu ameugua yote mawili.

Nilipomwuliza shamba hilo ni la nani, alinyamaza kidogo. Akasema, "Ni la namba ya guka wako."

Hapa ilinibidi nimwendee mwalimu wetu wa historia. Alinieleza kwamba mradi wa Mwea ulianzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji mingi ilichimbwa na watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Maji yanatoka mito ya Thiba na Nyamindi. Mwaka wa 1966 Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji ilianzishwa na kuuchukua mradi. Familia zilipewa ekari nne nne, lakini si kuwa mali yao: mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni, naye kwa kawaida alikuwa mwanamume. Mpunga uliuzwa kwa bodi, pesa zikapokelewa na mwenye leseni. Mwaka wa 1973 kilichapishwa kitabu juu ya mradi huu, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, na sura moja inaeleza jinsi wanawake walivyofanya sehemu kubwa ya kazi ya mpunga bila kushika mapato yake, huku wakikosa mashamba ya kutosha ya chakula chao.

Na mke aliandikwa vipi katika kanuni hizo? Pamoja na watoto wasiofika miaka 18 na wazazi wa mwenye leseni, aliitwa kwa neno la Kiingereza ambalo sisi tungesema "mtegemezi".

Wanachama wenzangu, tuliangalie neno hili. Tunafundishwa kwamba mwajiri ndiye anayeajiri na mwajiriwa ndiye anayeajiriwa. Basi mtegemezi ndiye anayetegemea, na mtegemewa ndiye anayetegemewa. Cucu aliolewa mwaka wa 1969. Watoto saba wamesoma kwa mgongo wake ulioinama. Guka, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri na alilima kwa ng'ombe, lakini hata yeye akiulizwa maji ya zamu yanafunguliwa lini alisema, "Muulizeni mama yenu." Kiambishi kimoja tu kilikosewa, eti mtegemezi!

Kosa hilo si la sarufi peke yake. Guka alipofariki mwaka wa 2003 ilikuwa imeandikwa kwamba atakayemrithi ni mwanawe mkubwa. Ami yangu alikuwa na shida zake, akazikodisha ekari zote nne kwa misimu mitatu. Aliyekodi alitafuta vibarua wa kupandikiza. Cucu alikwenda. Alipanda mpunga kama kibarua katika shamba alilolilima miaka 34, akalipwa jioni pamoja na wengine, akanunua unga. Baba aliponisimulia haya nililia, lakini Cucu mwenyewe alisema tu, "Ningeketi nyumbani nikile nini?"

Baadaye wazee wa ukoo walikaa chini, Cucu akarudishiwa ekari moja ya kulima. Ndiyo hiyo tuliyoingia mwezi wa Agosti. Hakuna karatasi, ni maneno ya mdomo. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi uondolewe, nami nilimwambia hivyo. Ami naye si mtu mbaya. Ameahidi kwamba likizo ya Desemba watakwenda pamoja naye kuuliza kama jina la Cucu linaweza kuandikwa. Nimeomba niende nao, niwasomee fomu.

Kabla ya kuileta makala hii nilimsomea yote, nikimtafsiria polepole. Alisikiliza huku akipeta mchele, akitupa chuya pembeni. Mwishoni akaniambia nimesahau kitu.

"Umeandika ekari. Andika na ule mfereji mdogo wa upande wa chini. Ule haukuchimbwa na serikali. Niliuchimba mimi, nikiwa na baba yako mgongoni."

Basi nimeuandika.